Hewa ya Chumba cha Uchapaji



Kitabu cha nyimbo tunachokishika Jumapili kilipigwa chapa na mtu. Mtu huyo alivuta hewa gani? Nauliza hivyo kwa kuwa vijana wetu wanaotoka Nyambureti kwenda Musoma au Mwanza kutafuta riziki, wengine huajiriwa katika vyumba hivyo.

Wino ukiganda kwenye mtambo hufutwa kwa kitambaa kilicholowa petroli au dawa nyingine ya kuyeyusha. Dawa hiyo hugeuka mvuke upesi. Mvuke ni mzito kuliko hewa, hutuama chini. Kwa hiyo kidirisha kilicho juu ukutani hakitoshi kuuondoa. Kijana huumwa kichwa, huona kizunguzungu, naye hudhani ni uchovu. Kitambaa cha kuziba pua huzuia vumbi, mvuke haukizuii.

Huko Osaka, Japani, kilikuwako kiwanda kidogo cha uchapaji ambacho hewa yake haikupita vizuri. Mwaka 2013 watafiti walieleza kwamba kati ya wanaume 62 waliofanya kazi humo walau mwaka mmoja, 11 walipata saratani ya mirija ya nyongo. Walikuwa na umri wa miaka 25 hadi 45 tu, na sita walikwisha kufariki. Iliyoshukiwa ni dawa ya kufutia wino, yenye kemikali iitwayo dikloropropani. Mwaka 2014 ilithibitishwa kimataifa kuwa husababisha saratani. Wale walihesabiwa. Kwetu mgonjwa hurudi kijijini, na majirani husema amerogwa.

Papa Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alitaja mahali pa kazi pasipodhuru afya kuwa haki ya mfanyakazi. Sheria yetu Na. 5 ya 2003 yamdai mwajiri hivyo hivyo. Nayo sheria ya fidia ya mwaka 2008 inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi; mchango wake hutoka kwa mwajiri, wala haukatwi katika mshahara.

Basi kamati inapokwenda kuagiza kadi za jubilei, isiulize bei peke yake. Iingie chumbani, itazame madirisha, inuse. Na kijana akirudi nyumbani macho yamekuwa ya manjano, daktari aambiwe mapema alikuwa akifanya kazi gani, na kwa dawa zipi.