Uzi wa Buibui na Barua za Askari



Leo twendeni Marekani, katika karne ya 19, tukamtazame mtunga mashairi mmoja, jina lake Walt Whitman. Nimemchagua yeye kwa sababu mbili. Kwanza, mashairi yake huanza na vitu ambavyo hata mtoto anavijua: nyasi, ndege, mto, buibui. Pili, alifanya kwa miaka kadhaa kazi ambayo baadhi yenu mnaijua vizuri, ila mnaijua kwa upande wa pili. Aliwaandikia barua watu ambao hawakuweza kuandika.

Whitman alizaliwa tarehe 31 Mei, 1819, katika Long Island, kisiwa kilicho karibu na mji wa New York. Baba yake alikuwa seremala. Shule aliiacha alipokuwa na miaka 11 hivi, akaenda kazini, kisha akajifunza kazi ya kupiga chapa. Mengi aliyoyajua baadaye alijisomea mwenyewe.

Mwaka 1855 alitoa kitabu chembamba chenye mashairi 12. Gharama alilipa mwenyewe, na baadhi ya kurasa alizipanga herufi kwa mikono yake. Akakiita "Leaves of Grass", maana yake Majani ya Nyasi. Katika ukurasa wa jina la kitabu hakuweka jina lake. Aliweka picha tu: mwanamume aliyevaa shati la kazi, shingo wazi, kofia kichwani, mkono kiunoni.

Basi, yeyote aliyezoea mashairi yetu atauliza mara moja: vina viko wapi? Mizani ni mingapi? Jibu ni kwamba havipo. Mstari mmoja mfupi, wa pili mrefu kama pumzi ya mtu anayehutubia barazani. Watu wengi wa zamani zile walisema hayo si mashairi, wala sidhani kwamba walikuwa wajinga. Mimi niliposoma mara ya kwanza niliona kama mtu anayehesabu bidhaa dukani. Lakini yasome kwa sauti, polepole, utasikia mwendo wake, kama mawimbi yanavyofuatana ufukoni.

Katika shairi lake lililo kubwa kuliko yote, mtoto anamjia na nyasi mikononi, anamwuliza hizi ni kitu gani. Mshairi hana jibu, kwa hiyo anakisia. Anakisia kwamba nyasi ni alama fulani iliyo sawa pote, kwa kuwa huota penye watu weusi na penye watu weupe bila kuchagua. Anakisia pia kwamba zinaota juu ya makaburi, basi waliolala chini hawakupotea kabisa. Kumbuka kwamba katika mwaka ule wa 1855 mamilioni ya watu weusi walikuwa bado watumwa katika nchi ile. Katika shairi hilo hilo mtumwa aliyetoroka anafika mlangoni, anapewa maji ya kuoga na nguo, anakaa siku kadhaa na kula meza moja na mwenye nyumba. (Ni haki kusema pia kwamba baadaye, katika maandishi mengine, Whitman alitoa maneno ya dharau juu ya watu weusi. Nyasi zilikuwa na moyo mkubwa kuliko mwenyewe aliyezisifu.)

Mwaka 1861 vita vikaanza, watu wa kaskazini na watu wa kusini wakapigana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu ya utumwa. Desemba 1862 Whitman aliona gazetini jina la ndugu yake katika orodha ya waliojeruhiwa. Akaondoka mara moja kumtafuta, akamkuta Virginia, ana jeraha dogo tu shavuni. Lakini pale kambini aliona wengine, vijana waliokatwa miguu na mikono, na hakurudi nyumbani mara moja. Alikwenda Washington, akapata kazi ndogo ya kunakili karatasi ofisini, na saa zilizobaki akazitumia hospitali.

Hakuwa daktari. Alikuja na mfuko, ndani yake machungwa, tumbaku, karatasi, stempu. Aliketi kitandani kwa kijana, akamwuliza kwao ni wapi. Wengine walikuwa hawana nguvu ya kushika kalamu, wengine hawakupata kujifunza kuandika. Akawaandikia. Yeye mwenyewe alihesabu kwamba aliingia hospitali zaidi ya mara 600.

Barua moja ya namna hiyo ilionekana mwaka 2016 huko Washington, katika hifadhi ya nyaraka za serikali, ndani ya karatasi za pensheni za askari. Tarehe yake ni 21 Januari, 1866. Vita vimekwisha, lakini askari huyu bado yuko hospitali, mapafu yake yameharibika. Anamwomba mkewe radhi kwa kukawia kuandika, anamwambia hawezi bado kusafiri kurudi nyumbani, anawatumia salamu za mapenzi. Ni barua ya kawaida kabisa. Hakuna mashairi ndani yake, wala mwandishi hakutia madoido yake. Chini kabisa Whitman ametaja jina lake na kusema kwamba yeye ni rafiki. Askari yule hakupona.

Mwaka 1868 likatoka shairi lake fupi juu ya buibui. Ninyi mmemwona buibui akifanya hivi: anasimama kwenye ncha ya kijiti, anaachia uzi, upepo unauchukua. Hauoni utakapofika. Uzi ukinasa mahali, anauvuta kuupima, kisha anapita juu yake kama daraja. Usiponasa, anatoa mwingine. Whitman anamtazama mdudu huyo aliye peke yake mbele ya nafasi kubwa tupu, halafu anaigeukia roho yake, naye anaiona ikirusha nyuzi vile vile, ikitafuta pa kushika.

Mimi kila nikilisoma shairi hilo nakumbuka yule mke aliyeipokea barua ya mumewe kwa mwandiko wa mtu asiyemjua.

Whitman alipooza upande mmoja mwaka 1873, akafa tarehe 26 Machi, 1892. Kitabu chake cha mashairi 12 kilikuwa kimefika mashairi karibu 400.

Kazi ya juma hili: asubuhi na mapema mtafute buibui, mumtazame kwa muda, kisha mseme darasani alivyofunga uzi wake wa kwanza. Halafu kila mmoja amwandikie mtu aliye mbali barua ya sentensi tano. Mwalimu asiwaandikie. Makosa ya herufi yaacheni yaende hivyo hivyo.

Kwaherini.