Kiti cha Mvuvi: Nani Amshauri Waziri Kuhusu Bunduki?

Usiku wa giza ndio usiku wa dagaa. Wavuvi wa Kibirizi na Katonga huwasha taa katikati ya Ziwa Tanganyika, dagaa wakaufuata mwanga, na mwanga huohuo ukamwita mwenye bunduki. Huyo hana haja na dagaa. Hung'oa mashine ya boti, huzoa nyavu, na akipingwa hufyatua. Kukicha, habari imeshafika mwaloni kabla ya kufika kituo cha polisi, na mvuvi aliyenusurika anaweza kueleza mlio wa silaha, upande ulikotokea na lugha ambayo wavamizi waliitumia kuitana. Mhadhara huu, unaoanzia Katubuka katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, unauliza jambo moja: serikali inapotafuta ushauri kuhusu silaha, mtu huyo ana kiti wapi?

Kwa kipindi kirefu hakuwa nacho. Mwaka 1890 madola yaliyokutana Brussels kuizima biashara ya watumwa yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Ujiji, iliyo karibu na nyuzi 5 kusini, ikaangukia katikati ya ukanda huo. Sultani wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa waliohusishwa na mkataba. Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa aliyekuwa na nguvu Ujiji siku zile, hakuulizwa, na ni vyema hakuulizwa, kwa kuwa bunduki zake zilikuwa sehemu ya tatizo. Lakini hata vijiji vilivyokuwa vikisakwa kwa bunduki hizo havikuulizwa. Mkataba wenyewe uliacha upenyo kwa gumegume na baruti ya kawaida, kana kwamba mtu akipigwa na gumegume hafi. Mpaka leo magobole hayajaisha porini.

Siku hizi mikataba ni ya kwetu. Azimio la Nairobi kuhusu silaha ndogondogo lilitolewa mwaka 2000, Itifaki ya Nairobi ikafuata mwaka 2004, na Tanzania ikatunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015. Maandishi yapo. Tatizo ni nani anayekaa mezani kuyatafsiri.

Ombi la kumiliki bunduki huanzia chini, kwenye serikali ya mtaa au kijiji, likapanda hadi kamati ya usalama ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Hapo pa chini ndipo penye utajiri wa habari. Mwenyekiti wa mtaa anajua nani humpiga mkewe, nani ana kesi ya shamba na ndugu yake, nani akilewa hutafuta panga. Polisi akitazama faili haoni hayo. Anaona kwamba mwombaji hana kosa. Hata hivyo, kazi ya mwenyekiti mara nyingi huishia kwenye muhuri. Karatasi inapanda, yeye anabaki.

Majirani nao hawajafika mbali. Marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014 nchini Kenya yaliunda Bodi ya Leseni za Silaha. Waziri humteua mwenyekiti. Wengine hutoka polisi, idara ya ujasusi, ofisi ya Mwanasheria Mkuu, shirika la wanyamapori na ofisi ya kuratibu silaha ndogondogo. Wote ni watu wa dola. Hakuna kiti kilichotengwa kwa daktari anayetoa risasi mwilini, wala kwa mfugaji wa Turkana.

Kanada ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2017 kamati yake ya ushauri wa silaha, iliyokuwa ikilaumiwa kwa kujaa wapenzi wa bunduki, iliundwa upya chini ya John Major, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu. Makamu wake walikuwa wawili: Lynda Kiejko, mlengaji shabaha wa Olimpiki, na Nathalie Provost, aliyepigwa risasi katika chuo cha École Polytechnique, Montréal, tarehe 6 Desemba 1989, siku waliyouawa wanawake 14. Walikaa meza moja. Provost alijiuzulu mwaka 2019. Kiti, basi, si dawa ya kila kitu. Ushauri usiposikilizwa, mshauri huondoka.

Sisi tunayo kumbukumbu ya karibu zaidi. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Geita na Kigoma ikisaka wahamiaji haramu na silaha. Mwaka huohuo Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili ilisimamishwa baada ya malalamiko ya mateso, na tarehe 20 Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Waliolalamika walisikilizwa na kamati ya Bunge baada ya kuumizwa. Wangesikilizwa kabla, gharama ingekuwa posho ya kikao.

Kwa hiyo, kwenye meza ya ushauri, polisi wabaki, na mwindaji mwenye leseni awepo, maana anaijua bunduki. Muuza silaha aitwe, aulizwe, kisha atoke kabla ya kura. Viti vinavyokosekana ni vya mwenyekiti wa mtaa, muuguzi wa zamu ya usiku kutoka Hospitali ya Maweni, na mvuvi atakayechaguliwa na wenzake mwaloni. Wizara ikiandika barua ya mwaliko, ipange kikao wakati wa mbalamwezi. Ndizo siku wavuvi wanalala nyumbani.