Gari Lililolala Masika

Leo bwana shamba wenu hasemi habari ya mbolea wala mbegu. Nataka tuzungumze juu ya ile pikapu kuukuu inayokaa uani miezi mingi ikingoja mavuno.

Huku kwetu Songea mvua huanza Novemba au Desemba, na kwisha Aprili. Muda huo wote gari limelala. Mahindi yakishakauka ndipo unaliwasha, nalo linatetemeka, linakatakata, mlimani halina nguvu. Mafundi husema linamisi. Maana yake, silinda moja au zaidi haiwaki inavyotakiwa.

Mkulima mmoja hapa Lizaboni yalimkuta hayo. Akaambiwa kabureta imekufa. Akauza magunia manne ya mahindi, akanunua nyingine, ikafungwa. Gari likamisi vile vile! Tulipofungua boneti pamoja naye, tukakuta waya mmoja wa plagi umetafunwa na panya. Gari lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa ghala. Usiku panya wanakula mahindi, mchana wanalala kwenye injini. Magunia manne yamekwenda, na kosa lilikuwa la waya mmoja.

Basi, ndugu zangu, shikeni neno hili: usinunue kitu kabla hujajua ni silinda ipi haiwaki. Nasema juu ya magari ya zamani ya petroli, yenye kabureta na distribyuta. Gari la dizeli halina plagi, na gari la kisasa lenye kompyuta mwachie fundi wake.

Kwanza, weka gari mahali pa wazi, gia iwe huru, vuta breki ya mkono. Sigara zote zizimwe. Kagua nyaya kwa macho. Fungua kifuniko cha distribyuta. Kikiwa na unyevu, kipanguse kwa kitambaa kikavu. Ukiona ndani yake mstari mwembamba mweusi kama unywele, huo ni ufa, na moto wa plagi unapotelea hapo.

Pili, injini ikiwa bado baridi, iwashe dakika moja au mbili, kisha izime. Dondoshea tone la maji kwenye kila tawi la bomba la moshi, pale linapotoka kwenye injini. Penye silinda inayowaka, tone litachemka na kukauka upesi. Penye silinda iliyolala, tone litatulia tu.

Tatu, acha injini ipoe. Chukua plagi ya silinda iliyolala, ubadilishane na ya jirani yake, kisha rudia jaribio la maji. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Usipohama, jaribu waya kwa njia hiyo hiyo. Lakini funga uzi wa alama kwenye kila waya kabla ya kuchomoa. Kwa mfano Land Rover Series III ya petroli ya silinda nne, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, huwaka kwa mpango wa 1, 3, 4, 2. Ukichanganya nyaya umejitengenezea ugonjwa wa pili.

Je, plagi nzima, waya mzima, na silinda bado imelala? Huenda valvu imeganda kwa kukaa. Hapo mwite fundi apime mgandamizo wa silinda. Utakuwa unamwambia silinda ipi, naye hatabahatisha kwa fedha yako.

Na kama kukatakata hakuna silinda maalumu, leo hii kesho ile? Tazama pointi ndani ya distribyuta, maana zikikaa hushika kutu. Zisugue kidogo kwa msasa laini, uzipanguse. Kisha toa petroli kidogo chini ya tangi, uitie katika chupa nyeupe. Kama ina maji, yatakaa chini na petroli itaelea juu. Petroli iliyokaa miezi mingi nayo haiwaki vizuri. Itoe, wala usiimwage karibu na kisima.

Kinga ni rahisi. Usiegeshe gari karibu na ghala. Kila baada ya wiki mbili liendeshe mpaka injini ipate moto sawasawa. Kuliwasha dakika tano na kulizima hakusaidii, kwani huacha maji ndani ya bomba la moshi.

Ndugu mkulima, jembe hulinoi siku ya kulima. Lijaribu gari lako mwezi Mei, mahindi yangali shambani, ili gunia lako likauzwe kwa faida yako, lisiishie dukani kwa kununua kifaa ambacho hakikuharibika.