Nani Aende Seoul?

Ndugu wapenzi, nanyi waalimu: mwaka 2023, huko Lisbon, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaalika vijana wa dunia nzima wakutane Seoul mwaka 2027. Basi sisi wa Mwanza tumtume nani? Tukimchagua mwenye nauli tu, tutakuwa tumetuma mfuko, si parokia. Mwaka 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans walitangulia kuvuka ziwa hili kwenda Buganda. Wenzao 3 wakangoja Kageye, wakafuata mwaka ule ule. Nasi tuchange sote, mvuvi na mkulima, kwani haba na haba hujaza kibaba. Tumchague anayewafundisha watoto katekisimu kwa uaminifu. Naye akirudi, azunguke kila kigango akitusimulia, ili tuliongoja nasi tupate fungu letu.