Kuvuna na Kuhifadhi Vitunguu Saumu

Leo tuseme na wale mnaolima vitunguu saumu, kama ndugu zetu wa Mbulu, mkoani Manyara, na wengine wa sehemu za baridi.

Zao hili hukaa shambani miezi 4 au 5. Umepalilia, umemwagilia, umechoka. Lakini kumbuka, mbegu yake ni vitunguu hivyo hivyo unavyovuna. Vikioza ghalani umepoteza fedha ya mwaka huu na shamba la mwaka ujao.

Basi, utajuaje vimekomaa? Tazama majani. Ya chini yakianza kugeuka manjano, acha kumwagilia. Yakishakauka, na ya juu bado yana ukijani, ng'oa kitunguu kimoja ukikate katikati. Punje zikiwa zimejaa, vuna. Ukiwahi mno, zitasinyaa. Ukichelewa, ganda la nje litaoza na punje zitaachana. Kitunguu cha namna hiyo hakikai.

Siku ya kuvuna, legeza udongo kwanza kwa jembe, mbali kidogo na shina, ndipo uinue. Usivirushe kama mawe. Kikichubuka leo, mwezi ujao kimeoza. Wala usivioshe, kung'uta udongo tu.

Kisha vikaushe pamoja na majani yake, juu ya kichanja kivulini penye hewa, wiki 2 hadi 4. Jua kali huvibabua. Shingo ikikauka kabisa, kata mizizi na majani, au suka majani uvitundike.

Viweke katika matenga au mifuko ya wavu, mahali pakavu. Mfuko wa nailoni haufai, maana vitatoa jasho humo ndani. Jikoni penye mvuke nako hakufai. Kila wiki vipitie, utoe kilichooza kabla hakijaambukiza vingine.

La mwisho, na hili ndilo kubwa: tenga mbegu kabla mnunuzi hajafika. Chagua vitunguu vikubwa, visivyo na ugonjwa. Wengi wetu huuza vikubwa tukapanda vidogo vilivyobaki, halafu tunalaumu ardhi! Wala usizibandue punje mapema. Ngoja mpaka karibu na siku ya kupanda.

Haya ndugu wakulima, kwa leo naishia hapo. Kazi njema, na kwaherini.