Inua Pamoja Naye

Mazungumzo ya asubuhi redioni
Masomo: Kutoka 23:4-5, Kumbukumbu la Torati 22:4, Wagalatia 6:1-5

Ninyi mnaopika chai ya asubuhi, ninyi mlio njiani kwenda shambani au sokoni, nanyi mlio wagonjwa kitandani, karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache na kulitafakari Neno la Mungu.

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo karibu kila mtu wa Kakamega ameliona kwa macho yake: pikipiki iliyoanguka njiani. Labda mmoja wenu atauliza, "Pikipiki ina nini na Injili?" Ndugu, ngoja kidogo. Biblia inayo sheria juu ya mbeba mizigo aliyeanguka njiani. Zamani zile mbeba mizigo alikuwa punda. Kwetu siku hizi ni pikipiki.

Wazee wetu wanakumbuka boda boda za baiskeli. Kazi hiyo ilianza mpakani mwa Kenya na Uganda, pande za Busia, katika miaka ya 1960, kisha ikaenea katika nchi yetu yote ya Magharibi. Kijana alifunga mto juu ya karia, akapakia abiria, akakanyaga mpaka jasho likamtoka. Baiskeli ikianguka, mwenyewe aliiinua kwa mkono mmoja, akapangusa vumbi, akaendelea na safari. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, na tangu hapo pikipiki zimejaa kila njia panda.

Lakini pikipiki si baiskeli. Pikipiki ya kawaida ya boda boda ina uzito wa kilo 110 hivi, na nyingine hufika 120. Mfungie gunia la mahindi la kilo 90, nawe unapata kilo 200 na zaidi. Kijana awe na nguvu namna gani, hawezi kuuinua uzito huo kwa mkono mmoja. Chombo kimekuwa kizito, na kwa sababu hiyo haja ya jirani imekuwa kubwa.

Tuchukue mfano. Mvua ya alasiri imenyesha, nanyi mnaijua mvua ya Kakamega. Udongo mwekundu umekuwa kama sabuni. Kijana anashuka kilima polepole na gunia nyuma yake. Penye kona gurudumu la mbele linateleza, na mara pikipiki, gunia na kijana wote wako chini katika matope. Petroli inadondoka. Watu wanakuja. Mmoja anacheka. Wa pili anauliza, "Ulikuwa unakimbilia wapi?" Wa tatu anatoa simu apige picha. Wa nne anainama kunusa kama kijana amekunywa pombe. Ndipo anakuja mama mmoja, anaweka kikapu chake chini kando ya njia, anakunja mikono ya nguo yake na kuuliza, "Umeumia, mwanangu?"

Wasikilizaji wapenzi, katika watu hao watano, ni yupi aliyeishika sheria ya Mungu?

Katika Kutoka sura ya 23, Mungu anawaambia Waisraeli kwamba mtu akimwona punda wa yule amchukiaye amelala chini ya mzigo, asimwache na kupita, lazima amsaidie. Angalieni vema. Sheria haiulizi punda alianguka kwa kosa la nani. Haiulizi kama mwenyewe alimpakia kupita kiasi, wala kama alipita njia mbaya. Hata haiulizi kama mwenye punda ni rafiki. Inasema wazi kwamba ni mtu anayekuchukia. Maswali yana wakati wake, lakini wakati wake si wakati mtu yuko chini ya mzigo.

Sasa tujifunze kwa wale wanaojua kuinua pikipiki, maana kazi hii ina utaratibu, na katika utaratibu huo mna mafundisho.

La kwanza, mtu hutangulia kabla ya mashine. Mwangalie kijana. Ikiwa analalamika maumivu ya shingo au mgongo, usimvute wala usimvue kofia yake ya usalama kwa haraka. Mwache alivyo na uite msaada. Mtu mwingine asimame juu ya kona azuie magari. Zima injini, na mtu yeyote asiwashe moto karibu, maana petroli imemwagika. Jihadhari na bomba la moshi, linaunguza. Mara ngapi sisi tumeuliza habari za chombo kabla ya kuuliza habari za mtu?

La pili, ondoa mzigo. Wengi wana haraka, huvuta pikipiki pamoja na gunia lake, nao hushindwa au huumia. Fungua kamba, weka gunia kando. Mtu aliyeanguka katika maisha ana mzigo juu yake: deni, ugonjwa nyumbani, karo ya watoto. Tukimwambia, "Simama! Kaza moyo!" na mzigo wote ungali umefungwa mgongoni, tunamvunja.

La tatu, weka gia ili gurudumu lisibiringike. Kama pikipiki imelalia upande wa kulia, toa kwanza ile stendi ya kushoto, ili ikisimama ipate pa kuegemea. Tumewainua wangapi kwa shangwe siku ya mkutano, na hatukuwaandalia mahali pa kuegemea siku ya pili?

La nne, chuchumaa. Hili ndilo jambo kubwa. Anayeinama na kuvuta kwa mikono huumiza mgongo wake. Anayejua huigeuzia pikipiki mgongo, huchuchumaa mpaka makalio yake yaguse kiti, hushika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha chini ya kiti kwa mkono wa pili. Kisha hunyosha mgongo na kusukuma kwa nguvu ya miguu, akirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Nguvu ya miguu ni kubwa kuliko nguvu ya mikono. Lakini miguu haiwezi kutoa nguvu hiyo mpaka mtu amejishusha kwanza. Ukisimama wima kando ya njia na nguo zako safi, pikipiki itabaki pale pale. Bwana wetu alipotaka kutuinua, hakusimama mbinguni akatupigia kelele. Alishuka. Alichukua namna ya mtumwa, akaingia katika matope yetu.

La tano, usisukume kupita kiasi. Wengi wameinua pikipiki kwa nguvu nyingi, ikapita katikati na kuangukia upande wa pili. Ni vizuri mmoja asimame ng'ambo aipokee. Na ikiisha kusimama, isiondoke mara moja. Mwenyewe aangalie breki, klachi na usukani, apumzike kidogo, ndipo aiwashe.

Ndugu, kuna neno jingine la kutazama. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, sheria hii inarudiwa, na katika Kiebrania limo neno dogo lenye maana ya "pamoja naye". Walimu wa Kiyahudi waliliwaza sana neno hilo. Katika mkusanyiko wa mafundisho uitwao Mishna, uliokamilishwa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, walieleza hivi: mwenye punda akienda kuketi kando na kumwambia mpita njia, "Hii ni amri yako, basi shusha mzigo wewe," mpita njia hana lazima tena. Lakini mwenyewe akiwa mzee au mgonjwa, lazima ipo. Tena walisema, punda akianguka, ukamshushia mzigo na kumpakia tena, naye akaanguka tena, wajibu wako haujaisha, hata ikiwa mara nne au mara tano.

Mafundisho hayo yana hekima kwetu. Wewe uliyeanguka, ukishikwa mkono, nawe shika. Usiketi kando ya njia ukitazama wengine wakiinua pikipiki yako. Mtume Paulo katika Wagalatia sura ya 6 anatuagiza tuchukuliane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Wengine hufikiri maneno hayo yanapingana. Hapana. Simama kwenye ile kona, nawe utaelewa. Kuinua pikipiki ni kazi ya wote. Ikiisha kusimama, mwenyewe ndiye atakayeipanda na kufikisha gunia.

Na wewe unayeinua, usihesabu mara. "Tulimsaidia mwaka jana, ameanguka tena." Methali sura ya 24 inatueleza kwamba hata mwenye haki huanguka mara saba, naye huondoka tena. Mungu ametuondoa sisi matopeni mara ngapi?

Sasa tuseme waziwazi. Tunao vijana wengi wa boda boda katika Kakamega, kutoka Malava hadi Khayega, kutoka Lurambi hadi Shinyalu. Wengi wao hawana pikipiki zao wenyewe. Wamechukua kwa mkopo, au wanampelekea mwenye pikipiki fedha kila jioni. Kijana wa namna hiyo akivunjika mguu, deni halivunjiki. Akilala hospitalini mwezi mmoja, pikipiki inaweza kuchukuliwa, na watoto wakakosa chakula. Nenda hospitali kuu ya Kakamega saa ya kuwaona wagonjwa, utawakuta vijana waliofungwa miguu kwa sababu ya ajali za pikipiki. Wengine hawana mgeni. Wako pia walioanguka bila kuteleza barabarani: katika pombe, katika kamari za simu, katika hasira ya kundi.

Na Jumapili asubuhi tunaona nini? Kijana anamleta mama mzee kanisani, kwa uangalifu, asichafue nguo yake. Anamshusha langoni, anapokea nauli, anageuza, anarudi steji. Amewaleta watu wa Mungu mpaka mlangoni, naye mwenyewe amebaki nje. Sisi tulio ndani tunaimba. Ni nani amemwambia, "Mwanangu, zima pikipiki, ingia tuabudu pamoja"?

Wazee wa kanisa, akina mama wa umoja, vijana wa kwaya, tunaweza kuanza na mambo madogo. Tuyajue majina ya vijana wa steji iliyo karibu na kanisa letu. Mmoja akilazwa, wawili wetu waende na uji, na tuulize habari za nyumbani kwake. Tuwaombe watu wa Msalaba Mwekundu, ambao hufundisha huduma ya kwanza, waje watufundishe pamoja na vijana hao, ili siku ya ajali tusimame kama watu wanaojua la kufanya. Na mtu wa steji akija ibadani na koti lake lenye vumbi, tumsogezee nafasi kwenye benchi.

Tena tukumbuke, punda wa Kutoka alikuwa punda wa adui. Huku kwetu tunao Marafiki, Waanglikana, Wapentekoste, Kanisa la Mungu, Jeshi la Wokovu, na madhehebu mengine mengi. Pengine yule aliye chini ya pikipiki ndiye aliyetoka katika kanisa lenu kwa ugomvi. Pengine ni ndugu mnayeshitakiana naye kwa mpaka wa shamba. Matope hayaulizi dhehebu. Na mara nyingi watu wawili wakiinua kitu kizito pamoja, mmoja huku na mmoja huku, wakimaliza huona vigumu kurudia chuki ya jana. Huenda Mungu alijua hivyo alipoitoa sheria ile.

Wewe msikilizaji ambaye leo uko chini, usione haya. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Nasi twaongeza, kuanguka si kufa. Zima injini. Kubali mzigo ufunguliwe. Kubali mkono wa jirani, hata kama si jirani uliyemtaka. Na zaidi ya majirani wote yuko Yesu Kristo, aliyejishusha chini kuliko sisi sote ili atuinue.

Tuombe.

Baba yetu wa mbinguni, twakushukuru kwa kuwa hukupita kando ulipotuona chini ya mzigo. Uwalinde vijana wote watakaopanda pikipiki leo, na abiria wao, na wale watembeao kwa miguu kando ya njia. Uwaguse waliolala hospitalini. Ulainishe mioyo yetu, tuwe tayari kuweka vikapu vyetu chini na kushika pamoja na ndugu yetu, hata mara ya nne na mara ya tano. Katika jina la Yesu Kristo Mwokozi wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote. Kwaherini mpaka tutakapokutana tena.