Hali ya Hewa na Uzaaji wa Mbegu za Miti ya Msituni



Desemba 2022 Serikali ya Kenya ilitangaza azma ya kukuza miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tumezungumza sana kuhusu ardhi, fedha na miche. Mada yangu inarudi nyuma kidogo: mbegu zitatoka wapi mwaka ambao miti haikuzaa?

Mti hutoa matumba, huchanua, huchavushwa, hutunga na kukomaza, na kila hatua hutegemea hali yake ya hewa. Kiangazi chenye jua la kutosha huichochea miti mingi kutoa maua. Mvua ikinyesha mfululizo maua yakiwa wazi, nyuki hawatoki, na chavua ya misindano, ambayo hubebwa na upepo, huanguka chini. Ukame ukifuata baada ya kutunga, mti hupukutisha matunda machanga. Msindano aina ya patula ni mgumu zaidi kuukadiria, maana koni yake huchukua takriban miaka miwili hadi kukomaa. Koni tupu za mwaka huu huenda zinatokana na msimu ambao hakuna aliyeuandika.

Kuhusu joto, ushahidi unaonishtua zaidi unatoka hifadhi ya Lopé, katikati ya Gabon. Huko watafiti wamekuwa wakikagua miti ileile kila mwezi tangu miaka ya 1980. Caroline Tutin na mwenzake waligundua kwamba baadhi ya miti haichanui mpaka usiku wa kiangazi upoe chini ya nyuzi 19 za Selsiasi. Tangu hapo joto limepanda na mvua imepungua. Mwaka 1987 tembo angepata matunda mabivu kwenye mti mmoja kati ya kumi. Miongo mitatu baadaye ilimbidi apite miti zaidi ya hamsini. Picha za tembo wa hifadhi hiyo zinaonyesha kwamba kati ya 2008 na 2018 walikonda. Msitu wenyewe bado umesimama, wa kijani kibichi. Anayepita juu kwa ndege hataona kasoro yoyote. Bila daftari za wale wakaguzi, upungufu huo usingejulikana.

Kwetu, misitu ya Mau, Aberdare na Mlima Kenya ina miti inayohitaji uangalizi wa namna hiyo. Chukueni muiri (Prunus africana). Hauzai vizuri kila mwaka, na mbegu yake ikikauka hufa upesi, kwa hiyo haiwezekani kuiweka akiba miaka mingi kama ya mkaratusi au msindano. Matunda yakiiva Machi, fedha za mwaka unaoanza Julai zitamkuta mchumaji akiokota mbegu zilizokwisha kufa.

Napendekeza kila kituo cha misitu kiwe na miti mama iliyowekwa alama, ikaguliwe kila mwezi, na maua, matunda, mvua na joto la usiku viandikwe katika daftari moja. Pia itengwe fedha ya kuchuma mbegu wakati wowote miti inapozaa kwa wingi, na za misindano na mikaratusi zihifadhiwe kwenye baridi kufidia miaka haba. Nawasihi wakuu wa vituo mliopo hapa muanze ukaguzi huo kabla ya mvua zijazo. Darubini ya mkononi na daftari vinatosha kuanzia.